Kumi na Moja Kati ya Thelathini

Korkor Laryea alipata kumi na moja kati ya thelathini, na alama zikasomwa kwa sauti mbele ya watu, kama mtoto wa darasa la tatu.

Kumi na moja! Mwanamke aliyekalia meza ya ukaguzi miaka ishirini na miwili, kwenye kiwanda cha vitenge hapa Tema, karibu na Accra. Mtu wa kukitazama kitambaa kikipita mbio na kusema, "Simamisha, kijani kimehama," kabla fundi wa mashine hajageuza shingo. Alianza akiwa msichana wa kubeba ndoo za nta ya moto, na kovu liko mkononi mpaka leo. Eti huyo ndiye hajui kasoro.

Mafunzo yalikuwa ya wiki tatu. "Ujuzi wa akili mnemba kwa wafanyakazi wa zamani," ndivyo tangazo lilivyosema, na hilo neno "wa zamani" nalo lilimkera. Wakaguzi walifundishwa kutazama picha za vitambaa kwenye kioo cha mashine mpya ya ukaguzi na kubonyeza: nzuri, au kasoro. Mwisho wake mtihani. Ukipata chini ya ishirini unahamia stoo ya nyuma kunyanyua marobota, kwa mshahara mdogo zaidi, na goti la Korkor lilishakataa kunyanyua hata sufuria ya kenkey, ule ugali wetu mchachu.

"Anti Korkor, umekosa picha zote za mishipa," alisema Selorm, mkufunzi kutoka Accra. Kijana mpole, ila aliamini karatasi kupita macho yake. "Kumi na tisa. Umebonyeza nzuri. Jibu ni kasoro."

"Nani kasema?"

"Majibu yalikuja na mashine."

"Na hiyo mashine ilisomea wapi?"

Selorm akakohoa. "Kwenye mashuka. Mashuka ya hospitali."

Lo! Hiyo mishipa ndiyo kitenge chenyewe! Nta ikipoa inapasuka, rangi inapenya kwenye nyufa, na huwezi kupata yadi mbili zinazofanana. Akina mama wauza vitenge wa soko la Makola huitafuta kwa kidole kabla ya kuuliza bei. Wasipoiona, wanakurudishia mzigo wako na matusi juu.

Bwana Ofosuhene, msimamizi, akamvuta pembeni. "Dada Korkor, kesho unarudia mtihani. Bonyeza wanavyotaka, ubaki na kiti chako. Mbona Memuna kafanya hivyo, kapata ishirini na nane?"

Memuna, jirani yake wa meza, akainamia viatu. "Nina watoto watatu, dada."

"Na wangu mimi ni mawe?"

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ya kila mtu kwenda kazini na kitenge. Selorm akaingia na shati la bluu na manjano lenye mishipa tele, limepigwa pasi. Korkor akalitazama, na hakukaa.

"Mwanangu, vua shati."

"Anti?"

"Vua! Una singlendi ndani, hufi. Nani kakupa hilo?"

"Mama. Siku ya mahafali yangu."

"Liweke chini ya kamera ya hiyo mashine."

Darasa likacheka. Selorm, aliyelelewa asibishane na mtu mzima, akavua. Taa ikawaka nyekundu, ikawaka tena, na tena. Kioo kikaandika: kasoro arobaini na sita, tupa.

"Haya, mpigie mama yako!" Korkor akafoka. "Mwambie alikuvika takataka mbele za watu! Mwambie mashine ya mashuka ndiyo iliyosema!"

Hakuna aliyecheka tena. Selorm alibaki ameshika shati mkononi. "Samahani, Anti," akasema.

Ofosuhene alishapiga hesabu yake: mashine ile ikianza Jumatatu, mzigo mzima utaishia jalalani. Akaja na sauti ya asali. "Dada Korkor, picha za vitenge ni elfu mbili. Tusahihishie majibu, mashine ifundishwe upya. Wewe ndiye unayejua."

"Na mtihani wangu?"

"Aa, alama za jana zilishapelekwa juu. Ukimaliza kusahihisha, basi huko stoo tutaangalia…"

Stoo! Achukuliwe macho, kisha yeye atupwe kwenye marobota! Korkor akavuta kiti chake, akakaa, akakunja mikono. "Aliyefeli hasahihishi mtihani. Mwite Memuna, ana ishirini na nane."

"Mimi usiniite," Memuna akasema. "Nilidanganya, bwana, na wewe ndiye uliyenifundisha."

Ofosuhene akachukua karatasi, akafuta kumi na moja, akaandika ishirini. Akaisogeza mbele akitabasamu. "Nitaituma upya leo hii."

Korkor akairudisha. "Nilikosa ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Yalikuwa makosa?"

"Hayakuwa," Ofosuhene akakiri.

"Basi jumlisha."

Ofosuhene akaandika thelathini, kalamu ikichana karatasi. Korkor akaisoma mara mbili, akadai sahihi ya msimamizi, kisha ya Selorm, aliyesaini akiwa na singlendi. Ndipo akavaa miwani.

"Lete picha ya kwanza," akasema. "Na wewe vaa shati lako, mwanangu. Ni zuri."