Pindo la Gauni la Divine

Wiki iliyopita, nikipanga vitu vya marehemu mama, nilikuta futi kamba yake ya kushonea imekunjwa ndani ya kopo la vifungo. Bado ilinuka mafuta ya cherehani. Nilipoishika nikakaa chini. Jambo hili sijawahi kumweleza mtu, kwa hiyo nivumilieni.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa fundi cherehani Kigoma, na akina mama wa kanisa letu walimchagua aende kujitolea likizo nzima katika nyumba ya kulelea watoto huko Giheke, Rusizi, nchini Rwanda. Alinichukua kwa sababu hakuwa na wa kumwachia, na kwa sababu nilijua kuandika vipimo bila kuharibu sana.

Watoto wa pale walikuwa wachangamfu. Walinicheka eti Kiswahili changu ni kama cha redioni. Lakini mama akitoa futi tu, uwanja wote unanyamaza na wadogo wanatafuta pa kujificha. Mimi nilishangaa, maana kwetu ukipimwa ujue Krismasi imekaribia. Sikuelewa mapema kwamba sare zao zilikatwa kwa kukadiria, za wadogo, za wa kati na za wakubwa. Futi ilitoka kwa mtoto mmoja tu, yule aliyetajwa na direktrisi, mkuu wa nyumba ile. Huyo hushonewa nguo ya kitambaa kizuri, na siku chache baadaye gari jeupe humfuata. Tangu tufike walikuwa wameondoka wawili.

Direktrisi alikuwa mwanamke mpole aliyekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, akarudi nyumbani ukubwani. Hakuwahi kumfokea mtu. Mimi nilimwogopa kuliko mwalimu wetu mwenye fimbo, na sikujua kwa nini.

Rafiki yangu pale alikuwa Divine, wa miaka mitano, aliyetembea akiwa ameshika kidole changu kidogo kutwa nzima. Baba yake alikuwa amefariki. Mama yake aliishi Bweyeye, kule kando ya msitu wa Nyungwe, na alikuwa amemleta wakati wa njaa apate uji na shule, kisha amchukue maharage yakishavunwa. Jumapili moja kila mwezi alikuja kumwona, akitembea nusu ya safari kwa miguu, na viazi vitamu vya kuchoma amevifunga kwenye jani la mgomba. Kila asubuhi Divine aliniuliza kama leo ni Jumapili.

Jumanne moja direktrisi aliingia chumba cha cherehani na kitambaa cha maua ya njano.

“Maman Fundi, utamushonea Divine. Ule mutoto iko na safari.”

Mama aliuliza safari ya wapi. Direktrisi akasema kuna familia ya mbali imemwomba, akatabasamu, akatoka. Mama alibaki anazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, sindano ikipanda na kushuka bila uzi.

Divine hakuonekana. Walimtafuta chini ya vitanda, jikoni, hadi chooni. Mimi nilijua alipo, maana mahali pale alinionyesha mwenyewe: nyuma ya magunia ya makaa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka tu kusifiwa, na nilitaka kuliona gauni lile la maua. Nikasimama mlangoni mwa stoo nikamwambia atoke, ashonewe, alivae Jumapili mama yake akija. Akatoka, uso mweusi kwa masizi, akashika kidole changu. Nilipomzungushia futi kifuani nilisikia moyo wake unavyokwenda mbio.

Mama alishona siku mbili bila kuimba, yeye aliyekuwa haachi kuimba. Nilipomwona anapinda pindo pana kama kiganja nilimuuliza kwa nini anapoteza kitambaa.

“Mtoto anakua,” alijibu, wala hakuinua macho.

Gari lilikuja Ijumaa. Dereva alikibandua kidole changu mkononi mwa Divine taratibu. Divine aliniuliza kama ni Jumapili, nikamwambia bado, ni kesho kutwa.

Na kesho kutwa mama yake akaja. Direktrisi alimkaribisha kiti, akamwonyesha karatasi ya kukubali mtoto achukuliwe, yenye alama ya dole gumba lake. Yule mama aliitazama muda mrefu.

“Nilitiaka kidole juu ya masomo,” alisema. “Juu ya masomo tu.”

Hakulia. Alitoka akapita katikati ya watoto, akaja kusimama mbele yangu na viazi vyake mkononi.

“Banasema ni weye ulimupima. Amefika wapi sasa?”

Niliinua mkono nikauweka usawa wa kifua changu. Naye akaweka wake pale pale, hewani, akauacha hapo. Viazi alituachia sisi. Siku iliyofuata mama alifunga mizigo, tukarudi Kigoma kabla likizo haijaisha. Divine hatukusikia habari zake tena.

Miaka yote hii nimebeba lawama peke yangu, kwamba ni mimi niliyemtoa kwenye makaa. Wiki iliyopita, na futi mkononi, ndipo nilipolikumbuka lile pindo. Sare za wengine mama alizipinda vidole viwili tu, kwa kuwa alipanga kurudi Desemba awashonee nyingine. La Divine lilikuwa la kufunguliwa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na mtu mwingine, mahali pengine.

Mama alijua. Namkasirikia, na hayupo nimuulize. Na kila nikifumba macho namwona ameinama kwenye cherehani, anampindia mtoto wa mwenzake nguo ya kukulia.