Fisi wa Serikali

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya kurudisha wanyama mitoni nilikabidhiwa kreti mbili za mbao, nikaogopa hata kuzigusa. Ndani walikuwamo fisi maji, dume na jike. Vijana wengi hamjawaona: ni mnyama mrefu wa mtoni, manyoya laini, mla kaa na samaki. Mito yetu ya Babati ilikuwa nao, wakawindwa wakaisha.

“Bura, hawa wakifa hatuletewi wengine,” alisema bosi wangu, Afisa Wanyamapori.

Tuliwaweka kando ya mto, mtaa wa Singe, kwenye kizimba cha mazoea, yaani boma la wavu linaloingia hadi majini, mnyama auzoee mto kabla ya kuachiwa. Kisha nikampa mgambo wa mtaa tangazo alisome kwa kipaza sauti. Neno “maji” aliliona la ziada. Akatangaza kwamba fisi wawili wataachiwa mtoni.

Kwetu fisi si mnyama tu, ni kipando cha mchawi. Mama Safari, mwenye shamba kando ya mto, alikuja mbio.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Hao fisi ni wa nani?”

“Ni wa serikali, mama.”

“Kumbe hata serikali inafuga!”

Jibu langu lilisambaa kabla ya jioni. Asubuhi nilikuta samaki ametupwa kizimbani, ananuka dawa ya kuogeshea ng’ombe. Nilimtoa haraka, nikamfukia. Kama ningechelewa kidogo tu, kazi ingeishia pale.

Nikamshika mkono Mama Safari, nikampeleka akajionee. Jike alikuwa ameshika kaa kwa vidole, anatafuna.

“Huyu? Babu yangu alimjua huyu! Mbona hukusema?”

“Nilisema, mama.”

“Mlisema fisi.”

Bosi naye hakungoja samaki wa pili. “Wahamishe, na safari hii ufunge mdomo.” Tuliwaachia kwenye kijito kingine, mbali, anakolima binti wa Mama Safari. Nilimwomba Mama Safari awatupie jicho kila aendapo kwa bintiye.

Sasa nimestaafu, lakini hofu haikustaafu. Nikisikia mbwa wakibweka upande ule, naacha chakula natoka nje kusikiliza. Juzi Mama Safari alinivuta pembeni sokoni.

“Wale wako wamezaa. Watatu.”

Nilifurahi, halafu nikatazama huku na huku.

“Umemwambia nani?”

“Wewe tu.”

Mtaniuliza ni kijito gani. Niulizeni jambo jingine lolote la kazi yangu, nitawajibu.