Upande wa Pili wa Kitabu

Mwezi uliopita nilikwenda Babati kumwona kaka yangu, pale Maisaka, nikamkuta mjukuu wake amelala kifudifudi mkekani, kitabu cha kusomea mbele yake. Kitabu kizima, cha mtoto mmoja. Nilisimama mlangoni nikasahau hata kuitikia shikamoo yake. Kaka akanicheka, akasema mjini wamenilegeza. Yeye sikumweleza. Nakueleza wewe.

Miaka ile ya themanini, kama ulikuwepo, huna haja ya kukumbushwa. Sabuni haikuonekana, sare tulizifua kwa majani ya mpapai. Sukari tuliisikia kwenye mazungumzo ya wakubwa. Uji tulikunywa wa chumvi, na ugali wa unga wa njano ulinuka ghala hata bibi, aliyekula kila kitu, alikuwa akifumba macho kabla ya kumeza. Ukiwasimulia watoto wa leo wanaona unawapiga kamba. Hayo yote tuliyazoea. Nisilolizoea mpaka leo ni lile la mtihani wa darasa la nne.

Shule yetu ilikuwa na vitabu vichache mno vya Kiswahili, na kila kimoja tulikizunguka watoto wengi. Aliyewahi alikaa kwenye dawati akasoma kama watu wanavyosoma. Aliyechelewa alipiga magoti sakafuni upande wa pili, kitabu kikimtazama kichwa chini miguu juu. Mimi niliwahi. Rafiki yangu, binti wa jirani, alikuwa mtoto wa kwanza kwao, na kabla ya shule ilibidi ateke maji na kumbembeleza mdogo wake mgongoni mpaka alale. Basi tangu darasa la kwanza alipiga magoti mbele yangu, mimi huku, yeye kule.

Na alisoma. Alitupita sote, akafika mwisho wa ukurasa wakati mimi bado nafuata mstari kwa kidole. Hatukuona ajabu yoyote, wala mwalimu hakuona. Ubaoni ziliandikwa hesabu tu, maana chaki zilikuwa haba, na hesabu alizikokotoa vizuri kuliko mimi. Kwao hapakuwa na kitabu chochote cha kumwonyesha kwamba maandishi yana upande mwingine.

Baba yake alikuwa ameshatoa kauli. Akifaulu aendelee, akianguka abaki nyumbani, hakuna kurudia darasa. Hakuwa mtu mbaya. Ukame ulikuwa umemmalizia ng'ombe, na mkewe alikuwa mjamzito tena. Siku ya mtihani rafiki yangu alinishika mkono njia nzima, kiganja chake kimelowa jasho, akiniuliza kama nadhani watatupa maneno marefu. Nilimwambia maneno marefu ndiyo anayoyaweza yeye.

Asubuhi tulifanya hesabu, akatoka anatabasamu. Kisha tukaitwa mmoja mmoja kusoma kwa sauti mbele ya mkaguzi aliyetoka wilayani. Tulipanga foleni ndani ya darasa, kwa hiyo niliona kila kitu. Zamu ya rafiki yangu ilipofika, alipokea kitabu kwa mikono miwili, akakigeuza juu chini, akaanza kusoma bila kukwama.

Mkaguzi alimsimamisha. "Huyu hasomi," akasema. "Amekariri."

Akafunua ukurasa mwingine, akamwekea kitabu sawasawa, akakikandamiza mezani kwa kiganja. Rafiki yangu alijaribu kukigeuza, kikakataa. Akainamisha kichwa, akapinda shingo, akaambiwa asimame wima. Basi akaanza kubabaisha herufi mojamoja kama mtoto wa darasa la kwanza, na machozi yakamwanguka kitabuni.

Hapo mwalimu wetu akaelewa. Nilimwona akielewa. "Ndugu Mkaguzi," akasema, "mtoto huyu anasoma. Ni kwamba..."

"Ni kwamba nini, Mwalimu?"

Mwalimu alitazama viatu vyake vya tairi. Kumalizia maneno yale kulikuwa ni kumwambia mgeni wa serikali kwamba shule haina vitabu, na siku zile mwalimu aliyesema hivyo aliweza kujikuta amehamishiwa porini. Naye alikuwa na watoto. Hakumalizia. Mkaguzi akaandika, akaita mwingine.

Majibu yalipotoka, mama yake alikuja shuleni na tumbo lake, amembeba jogoo wao wa mwisho. Tulikuwa tunafagia uwanja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama."

"Mwalimu, mwanangu anasoma. Mimi sijui kusoma, lakini nimemsikia."

"Anasoma, mama," mwalimu akasema. "Najua anasoma. Karatasi zimeshakwenda wilayani. Aje arudie, nitamfundisha mwenyewe."

"Baba yake hataki kusikia habari ya kurudia."

Mama yule aliendelea kusimama pale muda mrefu, kana kwamba lipo neno ambalo hajaambiwa bado, halafu akageuka akaenda zake na jogoo wake. Rafiki yangu aliolewa kijiji cha Mutuka kabla sijamaliza darasa la saba.

Sabuni ilirudi, sukari ikarudi, siku hizi hata vitabu vipo, na nashukuru, sina unafiki. Lakini mtoto aliyekuwa na akili kunizidi hajarudi, na sijui nimdai nani.

Januari baada ya mtihani ule tuliingia darasa la tano. Wengi wa wale wa sakafuni walikuwa wameanguka kama yeye, na hatukujiuliza kwa nini ni wao. Mwalimu aligawa vitabu, akatutazama, akasema kwa sauti ndogo kwamba mwaka huu tumeenea, hakuna wa kupiga magoti. Tukapiga makofi darasa zima.