Mjumbe Aliyesalimia

Mhadhiri wetu aliuliza swali lile lile kila muhula: kwa nini Wayunani wa kale hawakuwaonyesha watazamaji mtu akifa jukwaani? Katika tanzia zao mtu hufia ndani, nyuma ya mlango, kisha hutoka mjumbe na kusimulia. Niliandika kurasa nane juu ya mjumbe huyo. Nilisema ni mbinu tu ya mtunzi, hana jina wala moyo, kazi yake ni kusema na kuondoka. Nilipata alama nzuri, nikajiona nimewamaliza Wayunani wote.

Kozi yenyewe sikuichagua. Nilitaka sheria, nikapangiwa sanaa za maonyesho, na miaka ile ya themanini mtu hakubishana na kupangiwa. Likizo moja mama aliniuliza hao Wayunani wanaigiza nini. Nikamwambia, misiba. Akaendelea kuchambua maharage.

"Na hapa imepungua?" akauliza.

Haikuwa imepungua. Ugonjwa ambao watu waliutaja kwa kunong'ona ulikuwa umeshaingia Karagwe, na kila barua ya nyumbani ilinichosha kabla sijaifungua. Kisha ukamfikia kaka yangu, aliyekuwa kibarua wa bandarini kule kule Dar es Salaam nilikosoma. Alifia hospitalini, tukamzika huko huko, maana kumsafirisha hadi kijijini kwetu Nyakakika hatukuweza. Watu wa kwetu waliokuwa mjini wakaamua kwamba mama asipewe habari hiyo kwa simu ya maandishi. Nikatumwa mimi.

Kwetu mleta habari ya msiba ana adabu zake. Hasalimii, haketi, hagusi chakula. Husimama uani mpaka mwenye nyumba amwone uso, na kwa kimya chake mwenye nyumba anakuwa ameshajua nusu. Na siku hiyo jembe haligusi ardhi, si kwa aliyefiwa wala kwa jirani. Hata mtoto wa darasa la pili anajua hayo.

Treni, meli, kisha lori kutoka Bukoba lililoharibika mara mbili kabla hatujafika Kyaka. Siku ya tano nilitembea kutoka barabarani, macho yananiwasha kwa kukosa usingizi, nikirudia kichwani maneno nitakayosema. Niliyapanga vizuri sana. Nilipotokeza kwenye migomba nikamkuta mama akipalilia maharage. Akainua uso, akatabasamu, na mdomo wangu ukatoa kile ulichozoea kutoa miaka yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huko wazima?"

Ningeweza kusema hapo hapo. Nilisema nimechoka. Akaniketisha, akanipa ndizi na maharage yaliyobaki mchana, nikala. Nilikuwa na njaa, na sitadanganya, chakula kilikuwa kitamu. Yeye akarudi kumaliza mstari wake kabla ya mvua, akiimba wimbo wa kanisani. Nilikaa nikimsikiliza akilima, nikajichukia, na bado sikuinuka. Ilipita kama saa nzima. Mwisho nikamwendea pale shambani, nikamwambia.

Hakupiga yowe. Alilitazama jembe mkononi mwake kama kitu alichoshikishwa na mtu mwingine, akaliweka chini taratibu.

"Umeniacha nalima," akasema.

Majirani walipokuja kulia walikuta udongo bado mbichi, na wapo walionong'ona kwamba alilima huku mwanawe akiwa amekufa. Baba mdogo aliwaeleza kuwa kosa lilikuwa la msomi wao. Niliona aibu hata kuomba maji ya kunywa.

Nilirudi chuoni, nikafanya mtihani. Swali la mjumbe likatoka. Nililiruka, nikajibu mengine.

Sasa mimi ni mwalimu wa sekondari huku huku Karagwe, daftari za kusahihisha haziishi, na kila Jumamosi nakwenda kumwona mama. Hajawahi kunigombeza. Lakini tangu siku ile shikamoo yangu haiitikii moja kwa moja. Anaweka jembe chini kwanza. Ananitazama usoni, anasubiri.

"Wote wazima, mama," namwambia.

Ndipo anaitikia marahaba, na kuliokota jembe lake.