Matanga ya Flomo wa Jericho

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, mtaa wetu wa Jericho hapa Nairobi ukiwa bado Jericho, milango wazi mchana kutwa na chapati za jirani unazila kama za mamako. Flomo, fundi viatu aliyekimbia vita Liberia, alikuwa ameaga dunia. Sisi watu wa magharibi mwa Kenya, unavyotujua, mtu akifa tunakesha, tunachanga, tunamsafirisha mpaka nyumbani. Sasa huyu tungempeleka wapi?

Mkewe, Korto, alikaa kwenye stuli akitutazama tu. Alichoomba ni kimoja: mumewe asizikwe kama mtu aliyeokotwa barabarani.

"Huyu si wetu," akasema karani mmoja hapo mtaani, mdomo wake haukuwa na breki. "Wanauana wenyewe kwa wenyewe huko, halafu sisi ndio tuwazikie?"

Loo! Baba yangu, mtu wa reli, mpole ajabu, alisimama akamkabili.

"Wee karani, hizo bunduki ziliundwa kijiji gani huko Liberia? Waliouza wako ng'ambo, wamelala salama. Mbao na almasi zikaenda kwao, risasi zikabaki kwa kina Flomo. Wakubwa wa Liberia waliokula nao siwatetei hata kidogo. Lakini huyu mama alimuuzia nani bunduki?"

Baba akamgeukia Korto: "Shemeji, kaka wa marehemu ni mimi."

Basi tukawasha moto nje, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Jamani, mtaa ule ulijua kulia na mtu! Kule makaburini Lang'ata, baba alisimama panaposimama ndugu, akatupa udongo wa kwanza. Hapo ndipo Korto alipolia kwa sauti. Nami nikalia, wala sikuona haya.

Siku hizi nakusikia na simu yako: "Wakimbizi warudi kwao." Ebo! Warudi wapi? Kabla ya kumlaumu aliyekimbia, uliza nani alifaidika vita vilipowaka. Mataifa makubwa yakileta mahema na blanketi, wakimbizi wapokee, wajisitiri. Lakini wewe uyadai jibu: silaha zilitoka kwa nani, na mali ilikwenda wapi? Usiyaache yaitwe wafadhili tu. Na anayebisha hodi mfungulie kwanza, maana hayo si maswali yake kujibu.

Mungu akulinde, mwanangu. Usikose mahali pa kulala, wala mtu wa kusimama kaburini kwako aseme, huyu ni wetu.