Hodi kwenye Mikoko ya Funzi

Asubuhi ile mimi na shangazi yangu, Bi Mwanakombo, tulikuwa tukibandua chaza kwenye mizizi ya mikoko ya kisiwa cha Funzi. Maji yalikuwa yakipwa, na yangeyange, wale ndege weupe, wametawanyika topeni wakitafuta riziki. Kule Msambweni bendera mpya ya Uhuru ilikuwa bado haijapauka kwa jua. Shida yangu kubwa siku hiyo ilikuwa kisu butu.

Ndipo mashua ikaingia na mume na mke. Hamadi alikuwa polisi wa serikali iliyopinduliwa Unguja. Zuwena, mkewe, alikuwa mjamzito. Walisema wenye bunduki wako nyuma yao, wanamtaka Hamadi.

Wazee walikutana msikitini na hawakukawia. Mgeni ameshaingia, hatolewi.

Shangazi aliwaficha ndani ya mikoko, mahali yangeyange wanapotua maji yakijaa. Akawafundisha kutulia mpaka ndege wawazoee.

"Ndege wasiporuka, hakuna atakayedhani pana mtu."

Papo hapo Hamadi akajipiga kofi la mbu. Kundi zima likaruka.

"Ewe askari," shangazi akamwambia, "bunduki umeiacha Unguja, na subira nayo umeiacha hukohuko?"

Zuwena alicheka mpaka akashika tumbo. Lakini walijifunza. Baada ya siku kadhaa ndege walikuwa wakitua juu yao kana kwamba wao pia ni mizizi.

Wenye bunduki walikuja mchana, maji yamejaa. Mimi na shangazi tulikuwa tumewapelekea wale wawili chakula. Tukaganda hapo hapo.

Mashua yao ilipita polepole. Waliwatazama ndege. Ndege walikuwa wametulia.

Wakaanza kugeuza.

Kisha mmoja wao akaita, kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri: "Hodi!"

"Karibu," Zuwena akaitikia.

Lilimtoka tu. Sote tumelelewa hivyo; hodi haiachwi bila jibu. Alijiziba mdomo, neno limeshakwenda. Mpaka leo sijui kama yule mtu aliita kwa ujanja au kwa mazoea.

Shangazi alinikandamiza bega nisiinuke. Akachukua kikapu cha chaza, akazunguka kimya mpaka mbali kidogo nasi, kisha akatoka akiyavuruga maji. Ndege wa upande wake waliruka. Wa upande wetu walibaki.

"Nimesema karibu! Mbona hamji? Mnaogopa mwanamke?"

"Bibi, uko na nani?"

"Na chaza. Mnataka?"

"Kuna askari amekimbilia huku."

"Yule na mkewe? Wameingia mkono ule wa bahari. Nipakieni niwaonyeshe."

Mkono ule hukauka kabla ya mingine yote. Alijua.

Maji yalipopwa, mashua yao ilikwama topeni, shangazi yumo ndani. Nasi tukapata nafasi ya kuwavusha Hamadi na Zuwena hadi bara.

Tulikuwa katikati ya maji tuliposikia risasi.

Yangeyange wote waliruka.

Shangazi tulimzika hapo kisiwani. Nimeupima msiba ule mara nyingi: watu wawili, kisha watatu, wameishi kwa ajili ya mmoja. Hesabu ni sahihi, lakini mimi nilikuwa namtaka shangazi yangu. Hata hivyo, nasema kwa fahari: kisiwa kizima kilijua walikofichwa, na hakuna aliyefungua kinywa.

Siku hizi nalima shamba kule Bongwe, bara. Tabia za ndege nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima. Mwaka huu nilirudi Funzi na binti wa Zuwena, ambaye jina lake ni Mwanakombo. Maji yalikuwa yamejaa. Matawi ya mahali pale yalikuwa meupe kwa yangeyange, wajukuu wa wale wa zamani.

"Mjomba," akaninong'oneza, "mbona hupigi hodi? Si tunaingia kwao?"

"Watu wa Funzi hawapigi hodi hapa tangu siku ile. Hukohoa."

Akakohoa, taratibu. Tukaingia. Hakuna ndege aliyeruka.