Hodi ya Ouma

Naona haya hata kuanza, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa shemeji zangu, maana wao huongeza chumvi: mimi, fundi wa redio na tivi pale Suna, mtu mzima mwenye bisibisi tatu mfukoni, nilikimbia kijimtu cha gemu mchana kweupe, kwenye matanga, mbele ya wakwe.

Marehemu alikuwa Ouma, rafiki yangu wa utotoni na kaka yake Akinyi, msichana niliyetaka kumwoa. Tulikulia Homa Bay, na kwenye duka moja karibu na gati kulikuwa na mashine ya gemu, kijimtu chenye ndoo kinapanda ngazi za jumba linaloungua. Ouma alikuwa na mtindo wake: ngazi ya pili anapanda kidogo, anashuka, anapanda tena, anashuka, ndipo anauruka moto. "Napiga hodi kwanza," alikuwa akisema, nasi tukamuiga tukaungua. Ukubwani akanunua mashine mpya ya nyumbani, ile ya diski, akapata na diski ya gemu hiyo hiyo ya zamani, akaniambia nikija tutacheza. Homa ikamchukua kabla sijafika.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilikuwa kwao, nimekaa kwa adabu zote (kwetu mama mkwe humkaribii ovyo, seuze kumgusa), na wazee wananitazama kama nafaa kupewa binti yao. Ningebaki tu kwenye kile kiti! Lakini saa tisa nikaingia kwenye simba ya Ouma, nyumba yake ya ujana, kuweka begi, nikaiona ile mashine, nikasema acha niiwashe kidogo tu, nimuage mwenzangu. Vitu vya marehemu haviguswi mpaka wazee wakae kuvigawa. Nilijua hivyo, na bado nikawasha.

Chumba kilikuwa bado kinanuka sabuni yake. Pazia limeshushwa, wingu la mvua limetanda kutoka ziwani, na huko nje vilio vimenyamaza ghafla, kana kwamba watu wote wameondoka wakaniacha. Muziki wa utotoni ukaanza. Uchungu ukanishika, nikaweka pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, juu ya kiti cha Ouma, kile kilichotundikwa shati lake, nikatafuta leso nipenge kamasi. Nilipoinua macho, kijimtu kilikuwa kinatembea.

Nikatazama pedi. Ilikuwa pale pale kitini, haina mkono wa mtu. Kijimtu kikafika ngazi ya pili, kikapanda kidogo, kikashuka. Kikapanda tena, kikashuka tena. "Ouma?" nikanong'ona, na papo hapo kikauruka moto, na mkono wa shati pale kitini ukatikisika (upepo wa mvua, sasa najua, lakini wakati ule nani angeniambia?).

Nilichomoka nikaacha kiatu kimoja ndani. "Amerudi! Ouma amerudi, anacheza!" Waombolezaji wakainuka na viti vyao, sufuria ya wali ikamwagika, wengine wakashika njia ya barabarani, nami nikateleza kwenye maji ya kuoshea vyombo, nikaenda kifudifudi mpaka kwa mama mkwe, nikaikumbatia miguu yake yote miwili, na sikuachia.

"Jachien!" mtu akapiga kelele, yaani mzimu.

Mzee Odera, baba mdogo wa Ouma, akanisimamia kichwani. "Nani alikutuma kugusa vitu ya marehemu? Sasa umemuamsha!"

Mama mkwe hakunifokea. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliniinamia, akauliza polepole, "Amerudi kweli? Nipeleke nimwone."

Nilitamani ardhi inimeze. Akinyi ndiye aliyemshika mkono wakaingia, mimi nyuma na kiatu kimoja. Kijimtu kilikuwa kimeanza upya, hatua zile zile, ngazi ya pili, hodi, hodi tena.

"Si yeye, Mama," Akinyi akasema, machozi yakimtoka. "Hiyo kitu ikikosa mtu inajicheza. Hata ile ya gati. Mimi na Ouma tulikuwa tunasimama hapo kuangalia tu, siku hatuna shilingi."

Mimi shilingi sikuwahi kukosa, nikifika nacheza, kwa hiyo sikuwahi kuiona ikijicheza. Kumbe ile hodi Ouma alijifunza kwa kutazama tu, na sisi wenye shilingi ndio tuliokuwa tukimuiga.

Nikanyoosha mkono niizime. "Wacha," mama akasema, akaketi kitandani. "Wacha icheze."

Binti nilipewa, ingawa wazee waliniita mara ya pili ili nirudie adabu zangu tangu mwanzo. Na nimeapa, kitu cha marehemu sigusi kabla wazee hawajakaa, hata kiwe kijiko. Ila kila nikienda Homa Bay, mama mkwe hunisalimia kwa mbali, miguu ameivuta chini ya kiti, kisha ananiambia, "Fundi, nenda uiwashe. Lakini usicheze." Basi naiwasha, naweka pedi kitini, natoka nje.